Mtoto hasikii vizuri: wazazi wa Kisumu, Nakuru na magharibi, tuambiane tulivyoanza

Mama Fadhili, Kisumu

Hamjambo wazazi wenzangu. Naanzisha uzi huu kwa sababu kila mara kuna mama ananitafuta, ametumwa na jirani au mtu wa kanisani, na shida ni ile ile. Mtoto ana miezi minane, au mwaka, au mwaka na nusu, akiitwa haitiki, na nyumbani anaambiwa angoje. Naandika hapa ili mwenye haraka asome, na wenye yao waongeze.

Nianze na lile ninalolishikilia kuliko yote. Usingoje mashine ya masikio ya kumsaidia kusikia, usingoje barua, usingoje pesa, ndipo uanze kumpa mtoto lugha. Foleni ya vipimo panga, fomu jaza, lakini lugha ianze leo hapo nyumbani, kwa mikono, kwa uso, kwa mdomo, kwa chochote anachoweza kukiona na kukishika.

Fadhili alizaliwa kabla ya siku zake, akakaa wodi ya watoto wachanga kwa oksijeni na sindano za jentamaisini, dawa ya kuua vijidudu. Tuliporuhusiwa tuliandikiwa turudi kupimwa uzito na macho. Masikio hakuna aliyeyataja. Alipokaribia miezi minne nikaona kwamba akiwa usingizini, mlango wa mabati ukibamizwa na upepo hashtuki, na dada yake akilia kando yake haamki. Akiwa macho nikiingia chumbani ananichekea papo hapo, kwa hiyo kila mtu alisema yuko sawa. Kwenye kituo kimoja cha afya mhudumu alisimama nyuma yake akapiga makofi, mtoto akageuka, ikaandikwa kwenye kijitabu kwamba anasikia.

Makofi si kipimo. Mtoto hugeuka kwa upepo wa mikono, kwa kivuli ukutani, au kwa kuona macho ya mama yake yanamtazama mtu aliye nyuma. Tena kuna mtoto anayesikia makofi, ngoma na lori, lakini "s" na "f" na sauti ya mtu anayeongea taratibu hazimfikii kabisa. Huyo akikua huitwa mkaidi, na anapigwa kwa kutosikia.

Vipimo vinavyoaminika kwa mtoto mchanga ni viwili. Cha kwanza huitwa OAE: kijidude laini kinawekwa sikioni, kinatoa milio midogo, kisha kinasikiliza mwangwi unaorudishwa na sikio la ndani. Ni dakika chache tu na hakiumi. Cha pili ni ABR, wengine wanakiita BERA: anabandikwa vibandiko kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, na mashine inasoma jinsi mshipa wa kusikia na ubongo unavyoitikia sauti. Hiki kinataka mtoto awe amelala fofofo. Kwa hiyo mkitoka Ahero au Luanda asubuhi, msimwache alale kwenye matatu. Mwimbieni, mpeni dirisha aangalie ng'ombe, mchezesheni. Akifika amechoka, mnyonyeshe pale pale, atalala, na kazi itaisha siku hiyo hiyo.

Wataalamu wameweka lengo la mwezi mmoja, miezi mitatu na miezi sita: kupimwa kabla ya mwezi, hali kujulikana kwa hakika kabla ya miezi mitatu, na msaada kuanza kabla ya miezi sita. Hapa kwetu kipimo hiki bado hakifanyiwi kila mtoto anayezaliwa, kwa hiyo ni mzazi anayeuliza. Na sababu ya haraka hii inajulikana. Mwaka 1998 Christine Yoshinaga-Itano na wenzake kule Colorado, Marekani, walichapisha utafiti wa watoto wasiosikia vizuri. Waliogunduliwa kabla ya miezi sita na kusaidiwa mara moja walikuwa na lugha iliyoendelea zaidi kuliko waliochelewa kugunduliwa. Ilikuwa hivyo kwa waliopoteza usikivu kidogo na waliopoteza sana, kwa wanaoongea na wanaotumia ishara.

Fadhili alikutwa anaanza kusikia sauti ikifika desibeli karibu 75, masikio yote mawili. Desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Kwa kulinganisha, mnong'ono ni kama desibeli 30 na mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Maana yake nilipokuwa nampakata namsemesha, hakuna kilichokuwa kinamfikia. Alivaa mashine kabla ya kutimiza mwaka. Leo ni mtoto wa shule, anaongea Kiswahili, anaelewana na dani yake, yaani bibi yake, kwa Dholuo, na anatumia ishara vizuri kuliko mimi.

Haya, karibuni.

Baba Neema, Nakuru

Asante Mama Fadhili kwa kuanzisha. Naomba niongeze jambo ambalo linaweza kumponza mzazi hata kama amefanya kila kitu sawa.

Neema alizaliwa na umanjano mkali sana, ule wa ngozi na macho kugeuka manjano. Aliwekwa chini ya taa ya bluu, ikabidi abadilishwe damu. Baadaye tukaomba apimwe masikio, akapimwa ile OAE, akapita masikio yote mawili. Tukashukuru Mungu tukaenda nyumbani Free Area. Miezi ikapita, hatuelewi kama mtoto anasikia au hasikii. Leo anageuka ukimwita, kesho hata sufuria ikianguka hana habari. Tukirudi na wasiwasi tunaonyeshwa karatasi kwamba alishapita.

Mtaalamu mwingine ndiye aliyetueleza. OAE inapima sikio la ndani peke yake. Umanjano ukizidi unaweza kuharibu njia inayopeleka sauti kutoka sikioni kwenda kwenye ubongo, huku sikio lenyewe likiwa zima. Sauti inafika imevurugika, leo vizuri kidogo, kesho vibaya. ABR ndiyo iliyoonyesha. Kwa hiyo mtoto yeyote aliyelazwa wodi ya wachanga, iwe kwa umanjano, kwa kuzaliwa kabla ya siku zake au kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, ombeni ABR hata kama amepita kile cha kwanza. Ombeni kwa heshima lakini msiondoke bila jibu. Mimi nilikaa kwenye benchi mpaka nikapewa tarehe.

Min Apiyo, Ahero

Nimesoma nikalia. Wangu ana mwaka na miezi mitatu, hajasema hata "mama". Dani anasema hata baba yake alichelewa kuongea, na shangazi mmoja anataka tumpeleke akatwe ule utando ulio chini ya ulimi. Mwingine ameniletea maji ya majani ya kutia sikioni. Nifanye nini na mimi siwezi kubishana na wakubwa?

Mama Fadhili, Kisumu

@Min Apiyo, pole sana dada yangu. Usibishane. Mwambie mama mkwe: "Mama, inawezekana kabisa ni wa kuchelewa kama baba yake. Acha tupime masikio tu, akiwa anasikia tutangoja kwa amani." Kwangu maneno hayo ndiyo yaliyokubalika, na dani ndiye aliyetoa nauli.

Ulimi usikatwe kwa sababu ya kuchelewa kuongea. Mtoto huongea kile anachosikia, na kama hasikii, ulimi hauna kosa. Na sikioni usitie kitu chochote, si majani, si mafuta ya moto, si maziwa. Kama ngoma ya sikio ina tundu, hayo yanaingia ndani kabisa na kuleta usaha.

Halafu usijipe hukumu kabla ya kipimo. Watoto wengi wa umri huo wana maji nyuma ya ngoma ya sikio kwa ajili ya mafua ya mara kwa mara, na hayo yanapunguza usikivu kwa muda. Yanatibika. Lakini yanajulikana kwa kupimwa, hayajulikani kwa kungoja. Nenda wiki hii.

Chemutai, Kapsabet

Kwetu haikuwa ya kuzaliwa. Kijana wangu alikuwa anasikia na ameanza kuongea sentensi ndogo ndogo, akashikwa na homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka miwili. Alipona, tukaruhusiwa, watu wakaja nyumbani kushukuru. Alikuwa ananyamaza tu. Tulidhani ni udhaifu wa ugonjwa. Maneno aliyokuwa nayo yakaanza kupotea moja baada ya jingine, mpaka lile la kuita mbwa.

Nataka kila mzazi ambaye mtoto ametoka kwa homa hiyo ajue kwamba anatakiwa kupimwa masikio kabla ya kutoka hospitali, au mara tu baada ya kutoka. Ugonjwa huu unaweza kufanya ndani ya sikio, ile sehemu yenye umbo la konokono, ianze kujaa mfupa. Ikishajaa, hata mkipata pesa ya upasuaji wa kupandikiza kifaa cha kusikia, daktari anaweza asipate njia ya kukiingiza vizuri. Kwa hiyo hapa hatuhesabu miaka, tunahesabu wiki. Upasuaji wenyewe ni mamilioni ya shilingi, hilo nalijua, na wengi wetu hatutaufikia. Lakini mzazi ana haki ya kujua mlango uko wazi au umefungwa wakati bado anaweza kuuliza.

Na chanjo jamani. Ya nimonia iliingia kwenye ratiba yetu mwaka 2011 na inazuia baadhi ya vijidudu vinavyoleta homa hiyo. Ya surua na rubela pamoja inatolewa kwa miezi 9 na miezi 18. Ile ya miezi 18 wengi wanaisahau kwa sababu kliniki imeshaisha mawazoni. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na mambo yanayoweza kuzuiwa. Nikiona kijitabu cha mtoto wa jirani kina nafasi tupu ya miezi 18, ninampeleka mwenyewe kwa mguu.

Baba Wekesa, Kakamega

Nawashukuru wote, nimejifunza. Ila mimi nina msimamo tofauti kuhusu ishara. Wangu alivaa mashine akiwa na mwaka na nusu, na tuliambiwa tusimwonyeshe ishara hata moja, kwa sababu atazoea mikono na hatajisumbua kusikiliza wala kuongea. Tumefuata hivyo na sasa anaongea. Siyo kikamilifu, lakini anaongea na anaeleweka. Ningependa tusiwachanganye wazazi wapya.

Mwalimu Rose, Vihiga

Baba Wekesa, hongera sana kwa kazi mliyofanya. Mimi ni mwalimu wa watoto Viziwi kwa miaka mingi na nitasema nilichokiona pamoja na kinachojulikana.

Ushauri huo wa kukataza ishara umekuwepo muda mrefu, na ulitolewa kwa nia njema. Lakini ishara hazimzuii mtoto kuongea. Mtoto mwenye lugha kamili ya aina yoyote anapata mahali pa kuegemeza lugha ya pili. Anayeumia ni yule asiye na hata moja, amefika chekechea na miaka mitano, wazazi walikuwa wanangojea aongee, mashine ilikuwa inafikisha sauti nusu nusu, na mikono ilikatazwa. Nimewapokea wa namna hiyo. Mtoto ana akili nzuri kabisa lakini hawezi kukuambia anaumwa wapi, hajui kuuliza "kwa nini", hajui kwamba jana na kesho ni siku tofauti. Kumfikisha alipo mwenzake inachukua miaka, na mengine hayarudi.

Mashine ikimfaa sana na akaongea, mshukuru Mungu, ishara hazitakuwa zimempunguzia kitu. Mashine isipomfaa, na kuna watoto hazitawafaa, ishara zitakuwa zimemwokoa. Mzazi wa mtoto wa miezi sita hawezi kujua wa kwake atakuwa yupi. Ndiyo maana nasema zote mbili tangu mwanzo.

Na Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha yenye sarufi yake. Katiba ya 2010 imeitaja kwenye Ibara ya 7, na Ibara ya 120 imeifanya mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Mtoto wako akiijua ana watu nchi nzima.

Juma, Mumias

Mimi ni Kiziwi. Nasoma nyuzi za wazazi mara nyingi bila kuandika, leo naandika.

Nilizaliwa kijijini, wazazi wangu wanasikia, ndugu zangu wote wanasikia. Watoto wengi Viziwi ni hivyo, tunazaliwa na watu wasiojua lugha yetu. Mpaka nilipopelekwa shule nikiwa mkubwa, sikujua kwamba nina jina. Niliona midomo inafunguka na watu wanakuja au wanaondoka, sikujua kuna kitu kinapita katikati. Shule za Viziwi za Mumias na Nyang'oma zimekuwepo tangu 1961, kwa hiyo shule haikuwa mbali. Mbali ilikuwa habari, hakuna aliyewaambia wazazi wangu.

Wazazi wangu walinipenda. Nilikula, nilivaa, nilitibiwa. Lakini wakati wa chakula cha jioni watu wanaongea, wanacheka, mimi namshika kaka mkono kumuuliza, ananiashiria "baadaye". Baadaye haikuja. Mpaka leo nikienda nyumbani kwa matanga au harusi ni hivyo hivyo, isipokuwa kwa mdogo wangu wa mwisho aliyejifunza ishara akiwa mtoto. Yeye ndiye ninayempigia simu ya video nikiwa na shida.

Baba Wekesa, nakuheshimu kama mzazi. Kijana wako akitoa mashine usiku kulala, au betri ikiisha, au akioga, au mvua ikinyesha kwenye mabati, mnaongea naye kwa kutumia nini?

Baba Wekesa, Kakamega

Juma, nimesoma mara kadhaa. Kwa kweli usiku huwa tunazima tu taa na kulala. Wakati wa mvua anakuja kukaa karibu na mama yake, hatusemi kitu. Sijakubali kila jambo hapa, na bado nataka aongee. Lakini hilo swali nimempelekea mama watoto na tumelizungumza. Mwalimu Rose, mtu aliye Kakamega anajifunzia wapi?

Mwalimu Rose, Vihiga

Nenda shule yoyote ya Viziwi iliyo karibu nawe uulize mwalimu mkuu kama kuna mwalimu au mhitimu Kiziwi anayeweza kufundisha familia Jumamosi. Upande wa Nakuru kuna Ngala, Nandi kuna Kapsabet, Bondo kuna Nyang'oma, na kwako Mumias si mbali. Vyama vya Viziwi vya kaunti vipo pia. Mlipe mwalimu Kiziwi, msitake afundishe bure kwa sababu ni mtu wa kanisa lenu.

Nyumbani anzeni na vitu vya siku nzima: kula, maji, kuoga, lala, njoo, baba, mama, kuku, inauma, imeisha. Nitaeleza namna moja kwa undani kwa sababu wazazi wengi wanaikosa. Mtoto anayesikia anaweza kutazama ndizi huku masikio yanapokea neno "ndizi". Asiyesikia hawezi kutazama ndizi na kukutazama wewe kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mwonyeshe ndizi, kaa kimya. Aiangalie mpaka atosheke. Ngoja macho yake yarudi usoni kwako, na yatarudi, kwa sababu atataka kujua unasema nini. Hapo ndipo utoe ishara na neno, ukiishika ndizi karibu na uso wako. Halafu mwache aitazame tena. Ukimwahi, ukamgeuza kidevu kwa nguvu, ataanza kukwepa uso wako, na uso wako ndio darasa lake.

Kumwita, mguse bega, au kanyaga sakafu, au zima na kuwasha taa. Msimtupie vitu.

Nyar Kano, Kisumu

Jamani mashine inapiga filimbi kutwa nzima mpaka watu kwenye matatu wananitazama. Wangu ana miezi tisa. Nimefikiria kuiacha nyumbani.

Mama Fadhili, Kisumu

Usiiache nyumbani dada, filimbi ina sababu zake. Sauti inayotoka kwenye mashine inavuja nje ya sikio na kurudi tena kwenye maikrofoni, ndiyo inalia. Angalia kwanza kile kipande laini kinachoingia sikioni. Sikio la mtoto mchanga linakua haraka sana, kwa hiyo kipande kilichokaa vizuri akiwa na miezi mitatu kinaweza kuwa kimelegea akiwa na miezi sita. Kinatakiwa kutengenezwa upya kila baada ya miezi michache katika mwaka wa kwanza, na mara nyingi wauzaji hawakuambii hilo siku ya kununua. Muulizeni bei yake kabla hamjalipa mashine.

Kukitengeneza si shida. Mpakate, fundi atamulika sikio kwa tochi kuona kama kuna nta, ataingiza kasponji kadogo kenye uzi ili kitakachojazwa kisiende mbali, atachanganya vinyunya viwili laini vya rangi vinavyochukua umbo la sikio, atavijaza sikioni kwa bomba. Mnangoja dakika chache vigande, anavuta, umbo la sikio linatoka zima zima. Fadhili alikuwa analia akishikwa kichwa, kwa hiyo nilikuwa nampa kijiko cha kuchezea na kumkumbatia kifuani, mkono mmoja juu ya paji la uso.

Pia italia ukimbeba mgongoni na leso imefunika sikio, au akinyonya sikio limeegemea ziwa. Hapo si ubovu. Mgeuze kidogo au punguza sauti kwa dakika hizo ukiwa umeelekezwa namna. Mfungie kamba ndogo yenye kibanio nyuma ya nguo, maana wataivuta na kuitupa, mojawapo ya ya kwetu iliokotwa na kondakta pale Kondele.

Betri: ukitoa kile kibandiko, ngoja kama dakika moja hewa iingie ndipo uifunge kwenye mashine, itadumu zaidi. Mlango wa betri uwe ule wenye kufuli. Akimeza betri ni hospitali saa hiyo hiyo, usimtapishe. Na hapa Kisumu joto na jasho vinaua mashine, kwa hiyo usiku fungua mlango wa betri, weka mashine kwenye chombo kikavu chenye vidonge vya kunyonya unyevu.

Kila asubuhi nilikuwa namjaribu kwa sauti sita ambazo wataalamu wanazitumia: aa, uu, ii, sh, sss, mmm. Unakaa kando au nyuma yake, mdomo umeufunika kwa karatasi. Akiwa mdogo unatazama macho tu, yanatulia au yanapanuka. Alipofika miaka miwili na nusu hivi nikampa vizibo vya soda, kila akisikia sauti anatumbukiza kimoja kwenye kikombe. Siku moja "sss" ikapita bila kizibo, nikarudia, hakuna. Nikafungua mashine, kijibomba kilikuwa na tone la jasho ndani. Bila hivyo angeshinda siku nzima shuleni akikosa nusu ya maneno na kila mtu anadhani anasikia.

Baba Neema, Nakuru

Kuhusu pesa, kwa sababu wanaume wengi tunasoma kimya kimya tukiitafuta sehemu hii. Mashine moja ni makumi ya maelfu ya shilingi, na mara nyingi zinahitajika mbili. Sajilini mtoto kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu mapema. Inaanza na tathmini ya daktari kwenye hospitali ya serikali, ndipo kadi. Baraza lina mfuko unaosaidia kununua vifaa, na unatoa kwa aliyesajiliwa. Kuna baba wanaona haya kumwandikisha mtoto kwamba ana ulemavu. Mimi nilimwandikisha Neema kwa sababu ni haki yake, na jina halikumbadilisha.

Pia kuna vituo vya tathmini ya elimu, EARC, vilivyoanza mwaka 1984. Viko kwenye kaunti ndogo nyingi, mara nyingi ndani ya shule ya msingi. Wengi wanafikiri ni vya watoto wa kwenda shule tu. Nendeni hata na mtoto wa mwaka mmoja. Wanatathmini, wanaelekeza, na jina lenu linaanza kuwepo kwenye vitabu vyao kabla ya kutafuta nafasi ya shule.

Neno moja kwa akina baba. Mama peke yake akijifunza ishara, mtoto ana mtu mmoja duniani wa kuongea naye. Nilianza na ishara za mpira kwa sababu Neema anapenda kutazama mpira na mimi. Sasa ananibishia kuhusu refa.

Nafula, Busia

Nimesoma uzi wote kuanzia juu. Wangu ana miezi saba, alilazwa na umanjano alipozaliwa. Nimepata tarehe ya ABR Kisumu Jumanne. Nibebe nini na niulize nini? Ni mara yangu ya kwanza na nitakuwa peke yangu.

Mama Fadhili, Kisumu

@Nafula, umefanya vizuri sana kupata tarehe. Beba kijitabu cha kliniki, karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodi ya wachanga hata kama imechanika, majina ya dawa alizopewa kama yameandikwa, leso mbili, nguo za kubadilisha na chakula chako mwenyewe, maana unaweza kukaa mpaka alasiri. Kama ana mafua mazito siku hiyo waambie kabla hawajaanza, yanaweza kuvuruga matokeo. Asilale kuanzia Luanda kuja huku.

Matokeo yakitoka usikubali "ana shida kidogo" au "hasikii" peke yake. Uliza ni sikio lipi, ni desibeli ngapi, ni kwenye sauti za juu au za chini, na tatizo liko sehemu gani ya sikio. Kwa kuwa alikuwa na umanjano, uliza waziwazi kama wamefanya zote mbili, OAE na ABR, na zinasemaje zikiwekwa pamoja. Omba nakala ya ile karatasi ya michoro, si muhtasari tu, kwa sababu kila mtaalamu utakayemwona baadaye ataitaka. Kama wanasema kipimo kirudiwe, usitoke bila tarehe iliyoandikwa.

Peke yako hutakuwa. Mimi niko Mamboleo, nitumie ujumbe wa faragha nikupe namba. Jumanne nitakuja kukusubiri stendi, tuingie wote.